Kodi Ipimwe Mbele ya Mlipaji

Mwananchi anayekataa kadirio la kodi si lazima awe anakataa kodi. Mambo hayo ni mawili, na Wapare waliyatenganisha zamani.

Mapema katika miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza, kwa kupitia machifu tisa wa Upare, uliwatoza watu kodi iliyoitwa mbiru, juu ya kodi ya kichwa. Kodi ya kichwa ilikuwa ya kiwango kimoja; mbiru ilikwenda kwa kadiri ya mali ya kila mtu. Mwenye nacho kutoa zaidi ni jambo la haki. Lakini haki hiyo yategemea kipimo, na mkulima wa Msangeni, huko Ugweno, hakuwa na daftari la mapato. Mali yake ilikisiwa tu.

Januari 1945 maelfu ya wananchi walishuka milimani, wakakusanyika Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko kwa miezi. Wanawake wa Usangi nao waliingia katika mgogoro huo. Kodi ya kichwa watu walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni mbiru. Kufikia 1947 mbiru iliachwa, na kodi ya kichwa ikaongezwa.

Leo haihitajiki kulala uwanjani ili kusikilizwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, asiyeridhika na kadirio la Mamlaka ya Mapato ana siku 30 tangu alipopokea hati, aandike pingamizi na kutaja sababu zake. Hulipa kwanza sehemu asiyoibishia, au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, ipi iliyo kubwa. Asiporidhika na uamuzi, yuko huru kwenda Bodi ya Rufani za Kodi.

Kodi ya majengo nayo, tangu Agosti 2021, hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, kwa kiwango maalumu. Kiwango kikiwa kimoja, ugomvi juu ya thamani ya nyumba hupungua, makosa hayaishi. Nyumba moja yenye mita mbili yaweza kukatwa mara mbili. Nyumba ya kawaida yaweza kuandikwa ghorofa. Mzee aliyesamehewa kisheria kwa nyumba anayokaa aweza kukatwa kama wengine.

Hizo ndizo sababu zenye nguvu: kosa la hesabu, kosa la maelezo ya mali, kodi kutozwa mara mbili, msamaha kusahauliwa. Kusema tu kwamba kodi ni nzito ni malalamiko, wala si hoja ya rufani.

Basi, ndugu wafanyakazi, tutunze stakabadhi, tusome hati siku ileile tunapoipokea, tuandike kabla siku hazijapita. Nao wakadiriaji wamwoneshe mlipaji hesabu yake. Kodi inayoeleweka hulipwa bila kusukumwa.