Miwani ya Jua ya Marubani: Kipimo Kifuate Kiti



Aliyesimama ufukweni Gitaza saa kumi na moja jioni hahitaji kuelezwa maana ya mng'ao. Jua linashukia milima ya Kongo ng'ambo, ziwa lote linawaka, na nahodha anayetoka na mtumbwi wake anakwenda amefumba nusu ya jicho. Nahodha huyo akivaa miwani ya polaroidi atapata nafuu kubwa, kwa kuwa vioo vyake huchuja mwanga unaoruka juu ya maji.

Lakini rubani apitaye juu ya ziwa hilohilo akienda kutua Bujumbura asiiazime. Polaroidi yaweza kuzitia giza skrini zilizo mbele yake, na kuufuta mmeto wa ndege nyingine, ambao pengine ndio dalili ya kwanza kwamba ipo. Vioo vinavyojigeuza rangi juani navyo havimfai sana: vinangoja miale ambayo kioo cha mbele cha ndege huizuia kwa sehemu kubwa. Achague kijivu cha kawaida, kisichobadili rangi za taa.

Ugumu wenyewe huanza umri ukipita miaka 40 hivi, maandishi ya karibu yanapoanza kumkimbia mtu. Rubani anatazama uwanja ulio mbali, saa za chombo zilizo mbele ya mkono, na ramani mapajani. Lenzi ya progresivu huyaweka yote katika kioo kimoja: mbali juu, kati katikati, karibu chini. Pembeni hubaki ukungu, basi mvaaji hugeuza kichwa, si macho peke yake.

Kwa hiyo tunasisitiza kipimo. Fremu ichaguliwe kwanza na kurekebishwa puani na masikioni. Iwe na kimo cha kutosha, la sivyo sehemu ya kusomea itakatwa. Mikono yake iwe myembamba, maana minene huinua spika za masikioni na kuingiza kelele. Kisha mteja aketi kama anavyoketi kazini, atazame mbele, ndipo fundi atie alama penye mboni, kila jicho kwa nafasi yake. Alama ikipanda milimita chache tu, uwanja utaonekana kwa ukungu. Ikishuka, rubani atainua kidevu safari nzima ili asome saa zake. Fundi asiyeuliza kazi ya mteja amepima uso tu.

Kanuni za ICAO zinamtaka rubani ambaye leseni yake inamlazimu kuvaa miwani awe na ya akiba karibu naye. Sisi tunaona miwani hizo ni vyombo vya kazi, na gharama yake ijadiliwe pamoja na sare na viatu, isiachiwe mshahara wa mtu.

Miwani mpya ivaliwe kwanza nyumbani siku kadhaa, hasa kwenye ngazi, mpaka shingo izoee.