Varanasi: Mizani ya Kuni Ukingoni mwa Ganges

Varanasi, ambao wenyeji wengi bado huuita Banaras, ni mji wa jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.2. Una Chuo Kikuu cha Wahindu kilichoanzishwa 1916, na hekalu la Kashi Vishwanath lililojengwa upya 1780 na malkia Ahilyabai Holkar, na sari za hariri zinazofumwa zaidi na mafundi Waislamu. Ngazi za mawe ziteremkazo mtoni, kila sehemu na jina lake, zimepita 80. Takwimu nyingine zibaki daftarini, maana mimi macho yangu yaliishia kwenye kuni.

Pale Manikarnika, ngazi za kuchomea maiti, zimerundikwa kupita vimo vya watu, na mashua zinaleta nyingine. Kando yake ipo mizani mikubwa ya chuma, kama ile ya kupimia magunia ya mahindi. Wafiwa husimama hapo wakipatana bei: gogo linaongezwa, gogo linatolewa. Mwenye nacho hutia vipande vya msandali; asiye nacho huridhika na mwembe.

Maiti huja mabegani, juu ya machela ya mianzi, akachovywa mtoni, akalazwa juu ya kuni. Kiberiti hakitumiki. Moto hutoka kwa Wadomu, watu wa tabaka la chini kabisa, wanaotunza moto unaosemekana haujapata kuzimika. Brahmani, mtu wa tabaka la juu kabisa, awe tajiri namna gani, ambaye babu zake wasingekubali hata kuguswa na Mdomu, sharti auombe kwao. Hilo lilinifurahisha kuliko mahekalu yote. Kijana mkubwa wa marehemu, kanyoa kichwa, kavaa shuka jeupe, huwasha. Baada ya saa tatu hivi hurusha chungu cha maji nyuma ya bega lake, akaondoka bila kugeuka.

Sisi Wakenya je? Maiti hulala mochari wiki mbili, kamati inakutana hotelini, fulana zinachapishwa, hema na spika vinakodiwa, na mjane anabaki na madeni. Wangari Maathai, mtetezi wetu wa miti, alipochomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, watu waliona ajabu. Tungemuuliza alikuwa na maana gani. Ingawa, nikiri, yeye hakutaka mti ukatwe hata kwa jeneza lake, na huko Varanasi misitu inateketea. Tanuri lisilotumia kuni limewekwa kwenye ngazi za Harishchandra, lakini wengi bado wanataka kuni.

Kwa msafiri, vyakula vya Varanasi ni vya mboga zaidi. Sarnath, alikohubiri Buddha mara ya kwanza, ni kilomita 10 hivi, pazuri. Atakayekwenda aepuke Julai hadi Septemba: mto hufurika, ngazi huzama, maiti huchomewa juu ya mapaa kwa foleni, na kuni hulowa.