Marekani: Moteri za zamani za V8 zapewa heshima, magari yenye kompyuta yatiliwa mashaka

Kila Jumamosi ya tatu ya mwezi wa nane, barabara ya Woodward, inayotoka katikati ya mji wa Detroit kuelekea kaskazini, hujaa magari ya zamani. Yanapita polepole, moja nyuma ya lingine, na ngurumo za moteri zinasikika kwa mbali. Kando ya barabara watu wameweka viti vyao tangu asubuhi, wazee pamoja na wajukuu, kama vile wanangoja kupita kwa mfalme. Sherehe hiyo inaitwa Woodward Dream Cruise. Ilianza mwaka 1995 na leo inavuta watu kutoka majimbo mengi ya Marekani.

Gari zinazoshangiliwa zaidi ni zile ambazo Wamarekani wenyewe huziita «magari ya misuli»: gari ya ukubwa wa wastani, milango miwili, bei ya kijana anayefanya kazi, lakini ndani yake kumetiwa moteri kubwa ya V8, yaani yenye silinda nane. Hazina skrini, hazina kamera, hazina intaneti. Kuna volani, vitesi na esanse, basi.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mapenzi ya wazee wanaokumbuka ujana wao. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ndani ya mapenzi hayo mna swali ambalo hata sisi wa Kongo ya mashariki linatuhusu: ukishalipa feza na kununua chombo kilichojaa kompyuta, je, ni chako kweli?

Ujanja wa wahandisi wa Pontiac

Historia inaanza hasa mwaka 1964. Kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria ya ndani iliyokataza kutia moteri kubwa mno katika magari ya wastani. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, waliona mlango wa kupitia. Hawakuleta gari mpya. Walichukua gari iliyokuwepo, Tempest, wakaweka moteri ya lita 6.4 kama nyongeza ambayo mnunuzi anaweza kuomba kwa karibu dola 300. Nyongeza hiyo waliita GTO. Wakubwa walitumaini kuuza 5,000 tu. Mwaka ule wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000.

Tarehe 17 mwezi wa nne mwaka ule ule, Ford ilionyesha Mustang katika maonyesho ya kimataifa ya New York. Bei yake ya chini ilikuwa dola 2,368. Ndani ya miezi kumi na miwili ziliuzwa zaidi ya 400,000. Watoto waliozaliwa kisha Vita ya Pili ya Dunia walikuwa wamefikia umri wa kuendesha gari, kazi viwandani zilikuwa nyingi na esanse ilikuwa bei rahisi. Makampuni mengine yakaingia mbioni: Dodge na Charger, Chevrolet na Camaro, Plymouth na Road Runner. Chrysler ikatoa moteri ya Hemi ya lita 7, yenye nguvu za farasi 425 kwenye karatasi.

Mwaka 1968, filamu ya Bullitt iliongeza moto. Muigizaji Steve McQueen anaendesha Mustang ya kijani, akifukuzana na Dodge Charger nyeusi kwenye vilima vya San Francisco. Moja ya Mustang zilizotumika humo ilinunuliwa mwaka 1974 na familia moja ya kawaida kwa karibu dola 6,000, ikawa gari ya kila siku nyumbani. McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba auziwe, hakuipata. Mwezi wa kwanza mwaka 2020, gari hiyo iliuzwa mnadani huko Florida kwa dola milioni 3.74. Ilikuwa bado na kutu na alama za uzee, na hakuna aliyetaka zifutwe.

Mwisho uliokuja haraka

Umaarufu huo haukudumu hata miaka kumi. Kwanza, makampuni ya bima, au asiranse kama tunavyosema, yalipandisha bei kwa vijana waliokuwa na gari zenye nguvu. Pili, mwaka 1970 bunge la Marekani lilipitisha sheria kali juu ya usafi wa hewa, na viwanda vikalazimika kupunguza nguvu za moteri ili zitumie esanse isiyo na risasi. Tatu, mwezi wa kumi mwaka 1973, inchi za Kiarabu zilizouza mafuta zilifunga bomba kwa Marekani kwa sababu ya vita ya Israeli. Foleni za magari zikawa ndefu kwenye vituo vya esanse. Gari inayokunywa zaidi ya lita 20 kwa kilomita 100 ikageuka mzigo.

Gari ilipogeuka kompyuta

Sheria zile zile za hewa ndizo zilizoleta kompyuta chini ya boneti. Ili moteri ichome esanse vizuri bila moshi mwingi, ilihitaji kifaa cha kupima na kuamua kila mara. Tangu mwaka 1996, kila gari ndogo mpya inayouzwa Marekani inapaswa kuwa na mfumo wa kompyuta unaotambua kasoro, na tundu ambamo fundi anachomeka chombo chake cha kusoma. Mwanzoni jambo hilo lilisaidia mafundi. Kisha mambo yakaongezeka: skrini, kamera, vipima mwendo, laini ya simu iliyofichwa ndani ya gari, programu zinazobadilishwa kutoka mbali.

Mwaka 2015 ndipo wengi walishtuka. Watafiti wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa wamekaa nyumbani na ordinateri zao, waliingia kupitia intaneti ndani ya Jeep Cherokee iliyokuwa mbali barabarani, ikiendeshwa na mwandishi wa habari aliyekubali jaribio hilo. Walichezea redio na hewa ya baridi, kisha wakaikata nguvu gari ikiwa katikati ya barabara kuu. Kampuni ililazimika kuita magari milioni 1.4 ili programu yake irekebishwe. GTO ya mwaka 1964 inaweza kukushinda kwenye kona, lakini hakuna mtu anayeweza kuizima akiwa sebuleni kwake.

Jambo la pili ni siri za mtu. Mwaka 2023, shirika la Mozilla lilichunguza chapa 25 za magari kuhusu namna zinavyolinda habari za wateja. Zote 25 zilianguka mtihani. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, FTC, ilitangaza hatua dhidi ya General Motors: kampuni ilishutumiwa kukusanya na kuuza habari za mahali madereva walipopita na namna walivyofunga freni, bila ruhusa iliyo wazi. Habari hizo zilifika hata kwa makampuni ya bima. Yaani gari yenyewe ilimshitaki mwenye nayo. FTC ilitaka kampuni hiyo izuiwe kwa miaka mitano kutoa habari za namna hiyo kwa makampuni yanayopima sifa za wateja.

Jambo la tatu ni kodi isiyoisha. Mwaka 2022, BMW ilianza katika inchi fulani kudai malipo ya kila mwezi ili viti vipashe moto, ingawa kifaa cha kupasha kilikuwa tayari ndani ya gari iliyolipiwa. Watu walipiga kelele, na mwaka uliofuata kampuni iliacha. Katika jimbo la Massachusetts, raia walipiga kura mwaka 2012 na tena mwaka 2020 kudai haki ya kutengeneza gari zao kwa fundi wanayemtaka. Kura ya mwaka 2020 ilipata karibu watu watatu kwa kila wanne.

Tusiusifie uzamani kupita kiasi

Ukweli lazima usemwe wote. Gari hizo nzuri ziliua. Mwaka 1972, zaidi ya watu 54,000 walikufa kwenye barabara za Marekani. Mwaka 2023 walikuwa karibu 41,000, ingawa kilomita zinazoendeshwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Mikanda, mifuko ya hewa na freni zinazoongozwa na kompyuta vimeokoa wengi. Esanse ya wakati ule ilikuwa na risasi, sumu iliyoharibu akili za watoto. Anayesema kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora amesahau makaburi.

Kwa hiyo mashaka ya watu wa Woodward si dhidi ya freni nzuri. Kinachowaumiza ni kupewa freni nzuri pamoja na mpelelezi, katika kifurushi kimoja, bila nafasi ya kuchagua.

Na sisi huku?

Katika barabara zetu za Kivu na Ituri, hoja hiyo haihitaji maelezo marefu. Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, na hadi leo umbo lake linatambulika. Moteri yake ya mazuti ya lita 4.2, ile 1HZ, haitegemei kompyuta ili ifanye kazi. Ndiyo maana inapendwa na mashirika, wachuuzi na madereva wa njia za matope: ikizimika katikati ya pori, fundi anaifungua kwa funguo na masikio yake. Gari mpya inayowasha taa ya onyo kwenye dashibodi inaweza kungoja siku nyingi mtu mwenye chombo cha kuisoma. Kijana wa Goma mwenye chukudu anaelewa jambo hilo kuliko profesa: kinachovunjika, anakitengeneza mwenyewe.

Lakini kuna upande mwingine unaotugusa zaidi. Vyombo hivyo vya kisasa vinaanzia kwetu. Karibu asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, na batri nyingi za magari ya umeme zinaihitaji. Koltani ya Rubaya, huko Masisi, hutoa tantali inayoingia katika vifaa vidogo vya simu na kompyuta, na pia za magari. Mwezi wa pili mwaka 2025, serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka, na mwezi wa kumi ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Viwanda navyo havikulala: batri za chuma na fosfati, zisizotumia kobalti, zinazidi kuingia sokoni.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2023, Dodge iliacha kutengeneza Challenger na Charger za V8. Mwezi ule ule Camaro nayo ikafika mwisho. Ford bado inauza Mustang yenye V8. Dodge ilileta Charger ya umeme, yenye kasi kuliko nyingi za zamani. Kwa kuwa moteri ya umeme hainguruma, wahandisi waliiwekea kifaa maalum kinachotoa sauti ya ngurumo.

Mashabiki wengi walicheka. Walikuwa wakililia gari wanayoweza kuifungua, kuielewa na kuiita yao, wakapewa sauti yake. Kwetu sisi ambao udongo wetu unaingia ndani ya gari hizo, swali ni lile lile, na ni zito zaidi. Mmarekani anauliza kama gari aliyonunua ni yake. Mkongomani mchimbaji ana haki ya kuuliza kama hata madini anayoyatoa kwa mikono yake yalikuwa yake siku moja.