Mafuta ya moteri: ya kawaida ao ya sintetiki? Koperative ichague namna gani



Mavuno ya mpunga yakifika, kila koperative ya bonde la Ruzizi inategemea moteri: ya gari linalobeba magunia toka Sange ao Luvungi mpaka Uvira, ya mashini ya kukoboa, ya motopompe, ya pikipiki. Moteri ikikufa siku hiyo, mpunga unabaki inje na mvua inaukuta. Mara nyingi ugonjwa ulianza miezi mbele, siku mtu alisema: «Tungoje kidogo, mafuta ingali nzuri.»

Kuna ulizo moja ambalo kamati nyingi zinakuwa nalo. Fundi anasema nunua mafuta ya sintetiki, ndiyo yenye nguvu. Mtunza feza anaangalia bei na kusema hapana. Nani ana haki? Tuangalie pole pole.

Tofauti yao ni nini?

Mafuta ya kawaida (kwenye bidoni utasoma «minérale») inatoka katika petroli ya chini ya udongo, inasafishwa, kisha inaongezewa dawa za kulinda chuma. Ya sintetiki («synthétique») inatengenezwa kiwandani kwa ufundi zaidi, ili chembe zake zilingane. Kwa hiyo inavumilia moto mukali muda mrefu, na inatembea haraka hata kwenye baridi kali. Katikati kuna ya kuchanganya («semi-synthétique»).

Sintetiki ni bora, hiyo ni kweli. Lakini ulizo letu ni: ubora huo unatusaidia sisi? Faida moja kubwa ni ya baridi, na Uvira, kando ya Tanganyika, hakuna asubuhi ya barafu. Faida ingine ni kukaa muda mrefu bila vidanji. Hapo ndipo tufanye hesabu.

Hesabu ya mtunza feza

Bei hizi ni mfano tu. Weka za duka lako. Tuseme moteri inakunywa litre 5, filtre ni dola 5, mafuta ya kawaida ni dola 4 kwa litre, na sintetiki dola 9.

- Ya kawaida: dola 20 na filtre 5, ni 25. Ukibadilisha kila kilometa 5.000, kwa kilometa 10.000 umelipa dola 50.
- Sintetiki: dola 45 na filtre 5, ni 50. Ukifika kilometa 10.000 bila kubadilisha, umelipa dola 50 vilevile.

Inalingana! Lakini gari letu linatembea katika vumbi ya kiangazi, na mizigo mizito, kisha linapanda milima ya Ngomo kuelekea Bukavu. Vumbi inayopita filtre ya hewa inaingia katika mafuta, na hakuna mafuta inayoweza kuifanya kuwa safi tena. Katika kazi kama hiyo, vitabu vya magari vinaomba kufupisha muda wa vidanji. Kama sintetiki nayo unaitoa kwa kilometa 5.000, umelipa dola 100 pahali pa 50. Na kama moteri ni ya zamani, inavuja ao inakula mafuta, kila litre ya kuongeza ni ya bei ya juu.

Basi, kwa gari la zamani la koperative, mafuta ya kawaida ya namba inayofaa, inayobadilishwa kwa wakati, inatosha. Nunua sintetiki kama kitabu cha gari kinaiomba, zaidi kwa magari mapya na moteri nyingi zenye turbo. Hapo usibishane na kitabu.

Soma bidoni mbele ya kulipa

Namba kama 15W-40 ina sehemu mbili. Ile ya kwanza, yenye W, inaonyesha namna mafuta inatembea kwenye baridi. Ya pili inaonyesha uzito wake moteri ikiwa moto. Fuata namba ya kitabu, usichague kwa mazoea.

Kisha tafuta herufi za API. Zikianza na S, ni ya moteri ya esansi. Zikianza na C, ni ya mazutu. Bidoni fulani ziko na zote mbili.

Kwa pikipiki, tafuta JASO MA ao MA2. Katika pikipiki nyingi, ambreyaje inaoga katika mafuta ileile ya moteri. Mafuta fulani ya gari ni ya kuteleza mno, na ambreyaje inaanza kuteleza.

Angalia pia kifuniko: kama muhuri umekatika, acha. Mafuta inayouzwa katika chupa ya maji, haujui imetoka wapi. Inaweza kuwa ya vidanji iliyochujwa tu.

Motopompe: hesabu masaa

Hapa ndipo makoperative mengi yanapoteza moteri. Motopompe haina kilometa, basi watu wanasahau. Kitabu cha moteri ya Honda GX160 kinaomba mafuta ya kwanza itolewe kisha masaa 20 ao mwezi moja, halafu kila masaa 100 ao miezi 6. Pompe ikitumika masaa 8 kwa siku, masaa 100 yanaisha kwa siku 13 tu! Moteri hiyo inabeba mafuta ya kupita nusu litre kidogo, na haina filtre ya mafuta. Hata mafuta ya bei ya juu haitaiokoa kama inakaa msimu mzima.

Mambo ya kukumbuka

- Pima mafuta kila asubuhi, moteri ikiwa baridi, pahali pa sawasawa.
- Katika mazutu, mafuta kuwa nyeusi haraka si ugonjwa: inabeba masizi. Lakini ikifanana na maziwa, maji imeingia. Simamisha moteri, ita fundi.
- Ukikosa mafuta njiani, unaweza kuchanganya ya kawaida na sintetiki ya namba moja. Haiui moteri, lakini hesabu vidanji kama ya kawaida.
- Mafuta ya vidanji isimwagwe katika mufereji, katika Ruzizi wala ziwani. Na bidoni yake isirudie kamwe kuwekwa mawese ao maji ya kunywa.

Kazi ya kamati mwezi huu

Nunueni daftari moja kwa kila moteri. Andikeni tarehe, kilometa ao masaa, namba ya mafuta, na jina la aliyefanya vidanji. Someni daftari hiyo katika kila mkutano, mbele ya kusoma feza. Daftari ni bei kidogo kuliko litre moja ya mafuta, na ndiyo itawaambia kama moteri itafika mavuno.