Eafoni za bei chee zaweza kula mtaji

MCHUUZI wa Shirimatunda, Manispaa ya Moshi, anayetaka kuongeza eafoni zisizo na waya kwenye meza yake ya chaja na makava ya simu, hana budi kupiga hesabu kabla ya kupanda basi kwenda Kariakoo. Faida ya bidhaa hii huhesabiwa baada ya mteja kuridhika, si siku ya kuuza.

Chukua mfano wa jozi 20 zilizonunuliwa kwa Sh. 10,000 kila moja na kuuzwa kwa Sh. 15,000. Faida ghafi ni Sh. 100,000. Zikirudishwa tano na wateja wakadai fedha zao, inabaki Sh. 25,000, nauli haijatolewa. Zikirudi saba, mtaji umeanza kuliwa.

Soko la bidhaa hizi lilichangamka tangu Desemba 2016, kampuni ya Apple ya Marekani ilipoanza kuuza AirPods. Nakala za kuiga zikafuata.

Kasha zuri si ushahidi wa ubora. Mnunuzi afungue jozi kadhaa dukani, aziunganishe na simu yake, kisha asikilize sikio moja moja. Apige simu akiwa barabarani, kwani kipaza sauti kibovu hujulikana penye kelele. Achaji kasha na kuangalia kama pande zote mbili zinapokea moto. Vipira vya masikioni viwe vya saizi zaidi ya moja. Visipokaa vizuri, besi hupotea na mteja huongeza sauti hadi kuumiza masikio.

Alama ya IPX4 maana yake ni kuhimili matone ya maji au jasho, si kutumbukizwa majini. Kwa bodaboda na wanaofanya mazoezi, hiyo yatosha.

Bidhaa yenye nembo ya kughushi ni hatari zaidi. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inaruhusu mali hiyo kukamatwa, na mwenye meza hapati fidia.

Kwa mwenye mtaji mdogo, njia salama ni kuanza na jozi chache za aina moja, kudai risiti, na kukubaliana na muuzaji wa jumla muda wa kubadilishiwa mbovu. Asiyekubali sharti hilo huenda anaijua mali yake.