Ziba Ufa wa Mpira wa Shafti

Wahenga wetu walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha zetu mara nyingi, lakini wachache wetu tumewahi kuiona ikitimia chini ya gari. Katika makala haya nitaeleza jinsi mpira mdogo uliopasuka unavyoweza kulilaza gari zima, na jinsi ya kuubadilisha nyumbani.

Kwanza, mpira wenyewe ni upi? Magari mengi madogo tunayoyaona barabarani huvutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu hutoka kwenye giaboksi na kufika gurudumuni kupitia chuma kirefu kiitwacho shafti. Sasa, gurudumu la mbele hupanda na kushuka kwenye mashimo, na tena hukata kona. Chuma kilichonyooka tu hakiwezi kazi hiyo. Kwa hivyo mwisho wa shafti pana kiungo kinachojikunja huku kikizunguka. Mafundi wa jua kali hukiita sivii. Aina inayotumika sana ilibuniwa na mhandisi Alfred Rzeppa, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka wa 1928. Gari la Mini, lililotolewa Uingereza mwaka wa 1959, lilisaidia kukieneza kiungo hiki katika magari madogo.

Ndani ya sivii mna gololi sita za chuma zilizozama katika grisi nyeusi. Kinachoizuia grisi isitoke, na vumbi lisiingie, ni mpira wenye mikunjo kama kodiani. Huo ndio mpira wa shafti, au buti. Ukipasuka, grisi hurushwa nje na mchanga huingia. Mchanga na grisi vikichanganyika huwa kama msasa, na gololi huanza kulika.

Utajuaje umepasuka? Chungulia nyuma ya gurudumu la mbele. Ukiona grisi imetapakaa upande wa ndani wa rimu, jua mambo yameanza. Kama gari halipigi kelele, badilisha mpira peke yake. Lakini likilia tak-tak-tak ukikata kona kali, sivii imekwisha kulika na mpira mpya hautaiponya. Hapo itabidi kununua sivii nzima, na bei yake ni kubwa kuliko ya mpira.

Mjomba wangu hubeba mboga kwa gari lake dogo kutoka Limuru hadi soko la Marikiti, Nairobi. Gari likilala siku mbili, mboga zinanyauka na karo ya binamu zangu inangoja. Ndiyo maana yeye huchungulia mipira yake kila Jumapili jioni, na siku ya kubadilisha mimi humkanyagia breki na kumshikia tochi. Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Tayarisha mpira mpya, klipu zake mbili, grisi maalum ya sivii, pini mpya, jeki, stendi imara, spana, koleo, nyundo na matambaa. Usitumie grisi yoyote tu uliyo nayo.

2. Gari likiwa bado chini, toa pini na ulegeze ile nati kubwa ya katikati ya gurudumu huku mwenzako amekanyaga breki. Likishainuliwa, nati hiyo ni ngumu sana kulegeza.

3. Vuta hendibreki, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua gari kwa jeki kisha uliweke juu ya stendi. Tafadhali, usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake! Jeki ikiteleza hakuna wa kukusaidia.

4. Toa gurudumu. Fungua boljointi kwenye mkono wa chini, usogeze habu upande na uisukume shafti itoke ndani yake. Usiuache mpaipu wa breki uvutike, na usiivute shafti kutoka upande wa giaboksi.

5. Kata klipu na mpira wa zamani. Pangusa grisi, kisha itoe sivii kwenye shafti. Nyingine hutoka kwa kugongwa na nyundo juu ya kipande cha mti, nyingine zina ringi ya kufunguliwa kwa koleo. Ioshe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, na uikaushe kabisa. Kagua gololi: zikiwa na vishimo, nunua sivii nyingine.

6. Ingiza klipu ndogo na mpira mpya kwenye shafti kabla ya kurudisha sivii. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu sivii ikishaingia mpira haupiti tena!

7. Jaza grisi yote ndani ya sivii na mpira. Gonga sivii mpaka ringi ikae mahali pake. Kaza klipu ndogo, inua ukingo mpana wa mpira kidogo hewa itoke, kisha ukaze klipu kubwa.

8. Rudisha kila kitu ulivyokitoa. Gari likishashuka chini, kaza nati kubwa kwa kipimo cha gari hilo na utie pini mpya. Kama huna spana ya kupimia, muite fundi aliye nayo, kwa maana nati hiyo ikilegea gurudumu liko hatarini.

Baada ya siku chache chungulia tena. Pakiwa pakavu, kazi imefaulu.

Wanachama wenzangu, hata kama kwenu hakuna gari, huenda yuko jirani anayetafuta riziki kwa gari. Siku utakayoona grisi kwenye rimu yake, mwambie siku hiyo hiyo. Akikawia, kilio cha tak-tak-tak kitamwambia, na wakati huo atalipa zaidi.