Fahamu: Ujumbe wa pesa ambayo haikuingia

Unauza injini ya mashua ufukweni Dunga, Kisumu. Umeweka picha Facebook na watu wanapandishiana bei. Anatokea mmoja anayeipiku bei ya wote bila hata kuuliza kama injini inawaka. Hapo shtuka. Atasema yuko Nairobi, anamtuma bodaboda aichukue. Punde unaingia ujumbe wa malipo ya M-PESA wenye jina lako, nambari ya muamala na kiasi kamili.

Tazama kwanza umetoka wapi. Ujumbe halisi huja kwa jina MPESA, chini ya zile jumbe zako za zamani. Wa tapeli mara nyingi hutoka kwenye nambari ya kawaida. Hata hivyo usiishie hapo: piga *334#, uangalie salio mwenyewe. Bodaboda asubiri. Maskini, huenda naye katumwa tu, hajui lolote.

Mwingine atadai amezidisha elfu tano, umrudishie haraka. Usitume! Aliyekosea kweli huomba Safaricom irudishe, kupitia 456. Ujumbe wa ulaghai upeleke 333.

Mnunuzi wa kweli hufika Dunga mchana, akavuta kamba ya injini aisikie ikinguruma.